Neno "Kizazi" na Chanjo ya Wasichana

Katika Kiswahili neno kizazi lina maana zaidi ya moja, na maana zote zi hai. Kizazi ni watu waliozaliwa wakati mmoja, kama tusemapo kizazi hiki na kizazi kijacho. Kizazi ni watoto wa mtu, kama aombewapo bibi harusi kwamba Mungu amjalie kizazi chema. Kizazi ni uwezo wa kuzaa, ndiyo sababu mwanamke asiyepata mtoto husemwa kuwa hana kizazi. Na katika hospitali zetu kizazi ni kiungo chenyewe kinachochukua mimba, ambacho wazee wa pwani walikiita mji wa mimba. Maana hizi nne zimekaa katika neno moja bila kugombana. Lakini siku inapotangazwa kwamba wasichana wa shule watapewa chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, kila msikiaji huchagua maana mojawapo, na si lazima achague ile iliyokusudiwa na mganga.

Makala haya yataka kueleza kwa ufupi historia ya chanjo hiyo, namna ilivyofika Afrika Mashariki na jinsi ilivyopokewa. Nia yake hasa ni kuonyesha kwamba kuwafundisha wasichana na wazazi wao habari za chanjo hii ni kazi ya lugha kwanza, na kwamba hofu iliyoikabili ilipata nafasi pale maneno yalipoachwa yajieleze yenyewe. Jambo hili si la kuwapendeza wanafunzi wa lugha tu. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wanawake zaidi ya 10,000 nchini Tanzania walipatwa na saratani hii katika mwaka mmoja, na zaidi ya 6,000 walikufa kwayo. Duniani kote, mwaka 2022, waliokufa walikadiriwa kuwa kama 350,000. Aghalabu ni mama ambao bado wana watoto wa kulea.

Yafaa tuanze na majina yenyewe. Saratani ni neno la Kiarabu lenye maana ya kaa, mnyama wa baharini, na Waswahili walilijua zamani kwa njia ya elimu ya nyota, kwani Saratani ni moja katika buruji kumi na mbili. Wayunani nao waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa. Kutoka kwao jina likaingia katika Kilatini, na kwa njia ya Kiingereza likatufikia sisi kwa umbo la kansa. Basi saratani na kansa ni kaa yule yule aliyetujia kwa njia mbili.

Chanjo ni neno letu wenyewe. Kuchanja ni kupasua kuni, na pia ni kukata ngozi kwa wembe ili kutia dawa. Waganga wa kienyeji waliwachanja watu chale za kinga muda mrefu kabla ya kuja kwa hospitali, na ilipoletwa dawa ya kukinga ndui, iliyotiwa katika ngozi iliyokwaruzwa, neno lilikuwa tayari likingoja. Hapakuwa na haja ya kumweleza mtu kwamba mwili waweza kuumizwa kidogo leo ili usiumie sana kesho. Wazo hilo lilikuwamo katika neno. Mtu wa mwisho kupatwa na ndui kwa njia ya kawaida alikuwa katika mji wa Merka, pwani ya Somalia, mwaka 1977, na mwaka 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani.

Mlango wa kizazi ni jina jipya zaidi, nalo lina mshindani. Wengine husema shingo ya kizazi, wakilifuata jina la Kilatini ambalo maana yake ni shingo. Majina yote mawili hutaja sehemu ile ya chini ya mji wa mimba inayoungana na uke, ambayo hufunguka mtoto anapozaliwa. Tutayarudia majina haya baada ya kuangalia jinsi ugonjwa wenyewe ulivyopata kujulikana.

Mwaka 1842 tabibu mmoja wa Italia, Domenico Rigoni-Stern, alichunguza vitabu vya vifo vya mji wa Verona vilivyoandikwa tangu 1760 hadi 1839. Akaona kwamba saratani ya kizazi iliwaua zaidi wanawake walioolewa na wajane, na kwamba watawa wa kike walikufa kwayo mara chache. Hakujua sababu, lakini hesabu zake zilionyesha kwamba ugonjwa huu una uhusiano na ndoa. Miaka karibu mia ilipita kabla ya George Papanicolaou, Mgiriki aliyehamia Marekani, kuonyesha kwamba chembe zilizochukuliwa kwa mwanamke zaweza kutazamwa kwa hadubini na dalili za saratani zikaonekana mapema. Makala aliyoandika pamoja na Herbert Traut ilitoka mwaka 1941. Mwaka 1951, katika hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Mmarekani mweusi Henrietta Lacks alikufa kwa saratani hii akiwa na umri wa miaka 31. Chembe zilizochukuliwa mwilini mwake bila ya yeye kuombwa ruhusa zimeendelea kuishi katika maabara mpaka leo, na elimu kubwa imetokana nazo.

Chanzo kilijulikana kwa kazi ya Harald zur Hausen na wenzake katika Ujerumani. Mwaka 1983 walitambua katika saratani hii aina ya 16 ya virusi vya papiloma, na mwaka uliofuata aina ya 18, ambayo ilionekana hata katika chembe za Henrietta Lacks. Aina hizi mbili ndizo zinazoleta kama saratani 70 katika kila 100 za mlango wa kizazi. Zur Hausen alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivi hupita kwa kujamiiana, na watu wengi sana hukutana navyo katika maisha yao. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hukaa, na baada ya miaka 15 au 20 huzaa saratani. Wanaoishi na virusi vya Ukimwi wamo katika hatari kubwa zaidi, kiasi cha mara sita, na kwao ugonjwa huja upesi zaidi.

Mwaka 1991 Ian Frazer na Jian Zhou, katika Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, waliweza kutengeneza ganda la nje la virusi bila kiini chake. Ganda hilo, kwa kuwa ni tupu, haliwezi kuleta ugonjwa wala kuzaliana, lakini mwili ukiliona hujifunza kumtambua adui na kujiandaa. Huo ndio msingi wa chanjo iliyoruhusiwa kwanza nchini Marekani mwaka 2006. Matunda yake yameanza kuonekana. Uchunguzi uliotolewa Uingereza mwaka 2021 ulionyesha kwamba, kwa wasichana waliopewa nafasi ya kuchanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, saratani hii ilipungua kwa 87 katika kila mia.

Walakini chanjo hii ina sharti moja, nalo ndilo kiini cha makala haya. Yakinga, haiponyi. Haviondoi virusi vilivyokwisha kuingia, kwa hiyo yapasa itolewe kabla msichana hajaanza mambo ya utu uzima. Umri unaofaa ni kati ya miaka 9 na 14. Anayehitaji kufundishwa, basi, ni mtoto.

Katika Afrika nchi ya kwanza kuieneza chanjo hii kwa taifa zima ilikuwa Rwanda, mwaka 2011. Wasichana wa darasa la sita walichanjwa shuleni, na wale wasiosoma walitafutwa vijijini na wahudumu wa afya wa jamii. Kabla ya sindano palikuwa na mafunzo: viongozi, walimu, watu wa dini na wazazi walielezwa. Katika mwaka huo wa kwanza wasichana 93 katika kila mia waliokusudiwa walimaliza sindano zote tatu. Uganda iliieneza nchini kote mwaka 2015. Kenya ilianza Oktoba 2019, na uzinduzi ulifanywa Mombasa.

Tanzania ilianza kwa utafiti. Jijini Mwanza na wilaya za jirani shule za msingi 134 zilitumiwa kujua ipi ni njia bora, kuchagua wasichana kwa umri au kuchagua darasa zima. Njia ya darasa ilifaulu zaidi kidogo, kwa sababu ilikuwa rahisi kueleweka: mtoto hakutengwa na wenzake kwa ajili ya mwaka wa kuzaliwa ambao pengine hata nyumbani haukukumbukwa vizuri. Mwaka 2014 chanjo ilijaribiwa katika mkoa wa Kilimanjaro, na Aprili 2018 ikaenezwa nchi nzima kwa wasichana wa miaka 14, maana wakati huo chanjo ilikuwa haba duniani. Wasichana wetu pia wameupa ulimwengu maarifa. Utafiti wa Mwanza wa wasichana 930, na ule wa Kenya wa wanawake vijana 2,275, ni miongoni mwa tafiti zilizoonyesha kwamba sindano moja yatosha kutoa kinga. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali sindano moja, na mwaka 2024 Tanzania ikaifuata njia hiyo kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Sasa tuangalie jinsi chanjo ilivyosikika. Watafiti wa Mwanza waliwauliza wazazi, walimu, wanafunzi na viongozi wa dini kabla ya kuanza kuchanja. Wengi hawakuwa na habari za saratani hii, nao walipoelezwa kwamba chanjo yaikinga waliikubali. Lakini hofu moja ilijitokeza, na imejitokeza tena mahali pengi katika Afrika: kwamba sindano hii itawafanya wasichana wawe tasa.

Hofu hiyo ina sababu zake nje ya lugha, na si haki kuwacheka walio nayo. Watu wa nchi zilizotawaliwa wana kumbukumbu za mambo waliyofanyiwa bila kuulizwa. Nchini Kenya, mwaka 2014, maaskofu wa Kanisa Katoliki walitilia shaka hadharani kampeni ya chanjo ya pepopunda, wakisema kwamba huenda imetiwa kitu cha kuzuia mimba. Serikali pamoja na mashirika ya Umoja wa Mataifa yalikanusha. Moja katika maswali yaliyoulizwa lilikuwa hili: ikiwa pepopunda humpata kila mtu, mbona wachanjwe wanawake wa umri wa kuzaa tu? Jibu lilikuwako, nalo ni kwamba kinga ya mama humlinda mtoto mchanga anayeweza kuambukizwa kwa kitovu. Lakini jibu likifika nyuma ya swali, swali huwa limekwisha kushika njia. Wala hofu za namna hii si za Afrika peke yake. Nchini Japani serikali iliacha kuihimiza chanjo ya papiloma mwaka 2013, baada ya habari za madhara kuenea magazetini. Idadi ya wasichana waliochanjwa ilianguka kutoka kama 70 katika kila mia hadi chini ya mmoja, na himizo halikurudishwa mpaka mwaka 2022.

Hata hivyo naona kwamba katika Kiswahili hofu hii ilisaidiwa na maneno. Katika kliniki zetu kufunga kizazi ndilo jina la operesheni ya mwanamke asiyetaka kuzaa tena. Mlango nao, katika mazungumzo ya kila siku, ni kitu cha kufunguliwa na kufungwa. Mama anayeambiwa kwamba binti yake atadungwa sindano ya mlango wa kizazi hana haja ya kuwa mjinga ili awaze kwamba mlango huo utafungwa. Maneno yenyewe yamempeleka huko. Shingo ya kizazi lingepunguza hatari kidogo, maana shingo haifungwi kama mlango. Lakini neno kizazi lingebaki, na uzito uko juu yake.

Kuna jambo la pili, nalo ni la sarufi. Kiunganishi cha -a katika Kiswahili chaweza kuonyesha kitu kinachoondolewa au kitu kinacholetwa. Dawa ya homa huondoa homa, na dawa ya kikohozi huondoa kikohozi. Lakini dawa ya usingizi huleta usingizi. Msemaji hatambui maana kwa kiunganishi bali kwa kuujua ugonjwa au kitu kinachotajwa. Chanjo ya ndui haikuleta shida, kwa sababu kila mtu aliijua ndui na hapakuwa na aliyedhani kwamba mtu angeitaka. Chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ni jina la kitu kisichojulikana kikifungwa kwa kiunganishi chenye nyuso mbili. Asiyepata kuisikia saratani hii aweza kuuliza, bila ubishi wowote, kama sindano inaiondoa au inaileta. Neno virusi nalo, kwa watu wengi, ni jina la Ukimwi. Kumwambia mzazi kwamba chanjo ya mtoto wake ni ya virusi, bila kuongeza neno, ni kumtia hofu ya bure.

Tumesema kwamba anayehitaji kufundishwa ni mtoto. Hapa ndipo historia ya malezi yetu inapokutana na jambo hili. Katika pwani msichana alifundwa alipovunja ungo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika habari za desturi za Waswahili zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameeleza kazi ya kungwi na mwari wake. Kungwi, au somo, alikuwa na ruhusa ya kutamka ndani mambo ambayo nje hutajwa kwa tafsida tu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha, kwa sababu aliona kwamba yako mambo ambayo mama hapaswi kufa bila kumwambia mwanawe. Kwa hiyo si kweli kwamba jadi yetu ilikosa lugha ya kuwafundisha wasichana habari za miili yao. Ilikuwa nayo, na ilikuwa na mahali pake, walimu wake na wakati wake.

Shida ni wakati. Lugha ya kungwi huanza pale msichana anapovunja ungo. Chanjo hutakiwa, ikiwezekana, kabla ya hapo. Kwa mtoto wa miaka 9 jadi haikuandaa maneno, maana haikuona haja. Shule nayo ina lugha ya nje tu, na mwalimu wa darasa pengine ni mwanamume. Matokeo yake ni kwamba mara nyingi mafunzo humpita msichana: barua huandikwa kwa mzazi, semina hufanywa kwa mwalimu, na mtoto huambiwa apange mstari. Msichana aliyepanga mstari bila kuelezwa ataelezwa baadaye na mtu mwingine, njiani au kisimani, na maneno ya huko hayana wa kuyasahihisha.

Wako wazazi wanaohofu kwamba kumweleza mtoto ni kumfungulia njia ya mambo yasiyo ya umri wake. Hofu hiyo ina heshima yake, lakini haihitaji kunyamaza, yahitaji kipimo. Mtoto wa miaka 9 aweza kuelezwa mambo matatu kwa Kiswahili cha kawaida. Kwanza, kwamba ndani ya tumbo la mwanamke mna mahali anapokaa mtoto kabla ya kuzaliwa, na kwamba mahali hapo huweza kuugua mtu anapokuwa mkubwa. Pili, kwamba sindano hii huufundisha mwili kuuzuia ugonjwa huo kabla haujaja. Tatu, kwamba sindano haiondoi uwezo wa kuzaa bali husaidia kuulinda. Hili la tatu ndilo lenye nguvu kuliko yote, nalo ni kweli tupu. Saratani hii ikishakomaa, tiba yake aghalabu ni kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wanawake wengi hufika ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Kinachofunga kizazi, basi, ni ugonjwa wenyewe. Mama akiambiwa hivyo kwa maneno hayo hayo ya "kufunga kizazi" anayoyaogopa, hofu yake hugeuka upande unaostahili kuogopwa.

Mengine yangoje wakati wake, na wakati huo una wenyewe. Msichana atakapovunja ungo, mama, shangazi au somo aweza kumweleza virusi hupita kwa njia gani. Atakapofikia miaka 30, au 25 ikiwa anaishi na virusi vya Ukimwi, aambiwe kwamba chanjo haikingi aina zote, na kwamba bado yampasa kuchunguzwa. Katika zahanati nyingi muuguzi hufanya kazi hiyo kwa siki, akiupaka mlango wa kizazi na kutazama kama pana alama nyeupe. Ni jambo la dakika chache. Watu wataka pia kujua mbona wasichana tu. Waelezwe wazi kwamba wavulana nao hubeba virusi hivi, na kwamba Australia tangu 2013 na Uingereza tangu 2019 zawachanja, lakini kiungo kinachougua saratani hii ni cha mwanamke peke yake.

Kwa wataalamu wa lugha ninapendekeza mambo machache. Chanjo hii iitwe kwa ukamilifu chanjo ya kukinga saratani, ili kiunganishi kisiachiwe kazi kisichoiweza. Mlango wa kizazi litumike katika vitabu vya uganga, lakini katika matangazo litanguliwe na maelezo ya mahali penyewe. Kamusi zetu zitenganishe maana nne za kizazi na kutoa mfano wa kila moja. Na matangazo yasomwe kwanza mbele ya mama wachache wa sokoni na wa shamba, waulizwe wamesikia nini, ndipo yapelekwe kwa mpiga chapa. Msichana aliyechanjwa akiwa na miaka 9 mwaka 2024 atafikia miaka 30 mwaka 2045. Mwaka huo ataitwa zahanati kuchunguzwa, na kama atakwenda au hatakwenda kwategemea sana maneno aliyoambiwa alipokuwa katika mstari ule.